Nyumba Iliyopambwa Ipigwe Picha

Juzi nilikuwa Magamba, uani kwa bibi mmoja mjane, alipofika mhandisi kijana na kamera. Alitaka kuipiga nyumba picha kila upande, kompyuta iziunganishe zote, nyufa zipimwe, ijulikane kama bibi atabaki humo masika au atahama.

Akakuta kuta laini, zinang'aa udongo mweupe ambao haujakauka.

"Shikamoo bibi. Nyufa ziko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimezisiriba jana. Si mlisema nyumba itapigwa picha? Ningeiacha vile vile, watu waione?"

Nilidhani kijana atafoka. Aliweka kamera chini, akaomba maji na kitambaa.

"Basi nionyeshe zilipo."

Bibi akapitisha kidole ukutani bila kusita, maana kila mwaka anazisiriba mwenyewe. Kijana akafuata nyuma yake, akifuta udongo polepole kama anayemnawisha mtoto uso. Kila kidole kilipopita, ufa ulikuwepo.

Nilitaka kucheka. Nikakumbuka mwezi uliopita nilivyovaa shati langu la sikukuu ya Idi kwenda kwa daktari, nikamwambia sijambo kabisa.