Mlio Mdogo wa Shawa ya Bibi

Shawa ya umeme ina mlio mdogo ndani yake. Maji yakiingia kwa nguvu ya kutosha, kitu fulani humo ndani kinasukumwa, kinalia tiki, na muda si mrefu unasikia harufu ya vumbi linaloungua, kisha maji yanaanza kuwa ya moto. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Masasi mjini. Kila tunapomfungia mteja shawa, nasimama nje ya bafu lake nimebana pumzi mpaka niusikie mlio huo. Fundi ninayefanya naye kazi hunicheka. "Edita, kuna mtu anajifungua humo ndani?" Namwacha acheke. Sijawahi kumweleza. Nitawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Newala, pembeni kidogo ya mji, upande ambao ukungu wa asubuhi unapanda kutoka bondeni na kuingia hadi jikoni. Mwezi wa sita na wa saba watu huvaa makoti kanisani. Maji yetu yalikuwa ya mvua. Yaliteremka kutoka kwenye bati, yakaingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na yakiisha humo yameisha kweli. Kwetu mtu aliyeoga ndoo nzima alisemwa hadi na majirani. Hata maji aliyokwisha kuogea mtu yalikingwa kwenye beseni, yakaenda kumwagiliwa mpapai.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akiishi nasi. Alitumia miaka yake mingi kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kwa pasi ya mkaa, na labda ndiyo iliyomaliza mabega yake. Ile kata ya kujimwagia maji aliweza kuiinua hadi kifuani tu. Maji ya mgongoni alikuwa anayabahatisha. Nilikuwa namsikia bafuni akiguna, kata ikigonga ndoo.

Mama alipojitolea kumwogesha, Bibi alikataa katakata.

"Mama Edita, mkwe wangu anioshe mgongo nikiwa hai? Ngoja nife kwanza, mtanigeuza mtakavyo."

Tulicheka wote. Mama alicheka huku ameinamisha kichwa, maana jambo lenyewe lilikuwa la aibu kwake pia.

Basi Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaamua kununua shawa. Umeme tulikwisha kuvuta. Tangi la plastiki lilikuwepo nyuma ya bafu, juu ya kichanja cha miti. Kichanja hicho kilikuwa kifupi kwa makusudi: hatukuwa na pampu, maji tuliyateka kisimani na kuyapandisha kwa ndoo, na aliyepanda ngazi na ndoo kichwani alikuwa Mama. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa hivyo, matangi yamechuchumaa.

Kupima nilipewa mimi. Nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu kwa mistari iliyonyooka. Nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa na kuanza upya, na huku nachana nalia. Baba alijua hivyo na alijivunia. Nilipima ukuta, nikapima bomba, nikapima hata kimo cha Bibi, yeye akisimama wima kama askari na kuniuliza kama nampimia jeneza. Kisha nikapima tangi, kutoka ardhini hadi kitako chake. Nikaandika: futi saba. Nikapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Masasi mimi na Baba tuliingia dukani asubuhi, vilima vya mawe vikiwa bado na giza kwenye mikunjo yake. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, Mama Zuhura, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, karibu. Shawa ya nani?"

"Ya mama yangu," Baba alisema. "Mabega hayanyanyuki."

Alituwekea mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya umeme, nyeupe, uso mpana kama sahani ya wali, ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke anayecheka huku maji yanamfunika nywele. Ya pili ilikuwa kichwa kidogo cha kijivu chenye mpira mrefu, ya kushika mkononi, bila umeme wowote.

"Hii nyeupe inachagua nyumba," Mama Zuhura alisema. "Maji yakiwa legelege haiwaki. Kama tangi lenu liko chini, chukueni hii ya mpira. Mnachemsha maji jikoni, mnayamimina kwenye ndoo yenye koki, bibi anakaa kwenye kigoda chake, mnaishusha hadi usawa wa bega. Haina urembo, ila anaoga maji ya moto. Tangi liko juu kiasi gani?"

Baba akanigeukia. Nikafungua daftari.

"Futi saba," nikasema.

"Futi saba juu ya shawa?"

Sikuelewa swali. Ningeweza kusema sikuelewa. Lakini Baba alikuwa ananitazama kwa lile tabasamu la kujivunia, na yule mwanamke wa kwenye boksi alikuwa anacheka, na ile ya kijivu ilikuwa mbaya kama mizizi ya ming'oko isiyomenywa.

"Ndiyo," nikasema. "Nimepima mwenyewe."

Mama Zuhura akasema basi inatosha, akatueleza kwamba ikiwaka hulia tiki, tukaondoka na ile nyeupe. Fundi Hamisi alikuja kuifunga Ijumaa. Aliinyanyua hadi juu ya usawa wa mlango, kama kwenye picha, na hapo ndipo kupitia tundu la dirisha nilipokiona kitako cha tangi. Kati yake na ile shawa palikuwa na shibiri moja. Zile futi saba zilikuwa za kutoka ardhini, na shawa nayo ilikwisha kuzipanda karibu zote.

Alipofungua koki, maji yalitoka kama machozi, yakifuata ukuta.

"Mwalimu, maji haya yana uvivu," Fundi Hamisi alisema.

"Edita alipima," Baba alijibu. "Mwenye duka akasema inatosha."

Umeme ulikuwa umekatika mchana huo, kwa hiyo hakuweza kuijaribu. Alisema ukirudi itajiwasha yenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari kifuani.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Bibi aliingia bafuni na kanga mpya kama mtu anayekwenda ubatizo. Shawa ilikuwa yake peke yake. Sisi wengine tulibaki na nusu ndoo zetu. Nilisimama nje ya mlango nikisubiri ile tiki aliyotueleza Mama Zuhura. Nilisikia matone sakafuni. Nilisikia Bibi akivuta pumzi kwa ghafla, kama mtu aliyechomwa mwiba. Tiki sikuisikia.

"Mama, yamepata moto?" Baba aliuliza kutoka uani.

Bibi akajibu: "Yamepata, baba. Yamepata sana."

Alitoka kanga imemganda, vinyweleo vya mikono vimesimama, midomo inacheza. Alinitazama mimi, akatazama daftari, akanitazama tena. Nikaangalia chini.

"Mjukuu wangu fundi hodari," alisema taratibu, akaenda kukaa karibu na jiko.

Aliendelea hivyo msimu wote wa baridi. Kila akitoka, alisimama mlangoni kidogo na kunitazama kabla ya kupita. Mama alimwuliza, Baba alimwuliza, na jibu lilikuwa lilelile. Mwezi wa saba alianza kukohoa. Mama alisema ni ukungu. Nami nikasema ni ukungu, tena kwa sauti kubwa kuliko Mama.

Bibi alifariki mvua za kwanza zilipoanza kugonga bati. Muuguzi alisema moyo ulikuwa umechoka. Sisemi ni yale maji. Nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu kifua na baridi na wazee, kama nilivyojifunza mambo ya mabomba, peke yangu, na bado sijui. Hilo la kutojua ndilo ninalolala nalo.

Wanawake wa kanisani walikuja kumwosha. Walifunga bafu kwa shuka, wakaagiza maji ya moto. Mama alichemsha sufuria kubwa juu ya mafiga, na kuyapeleka nikatumwa mimi. Niliweka ndoo mlangoni, nikachovya kiwiko kama anavyofanyiwa mtoto mchanga.

"Yamepata moto?" mmoja aliuliza kutoka ndani.

"Yamepata," nikasema. Ndani ya lile bafu neno hilo lilikuwa halijawahi kuwa kweli.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alidanganya ili kunilinda, na nilimpenda kwa hilo, na nilijificha humo. Siku hizi, nikisimama nje ya bafu za watu, naona kitu kingine. Nakumbuka jinsi alivyosimama mlangoni kila alipotoka, akitetemeka, bila haraka ya kwenda kwenye moto. Mtu anayesikia baridi namna ile hasimami. Alikuwa ananipa nafasi. Neno moja tu lilitosha, "Bibi, nilikosea," na Baba angeishusha shawa, tungerudi Masasi kuchukua ile ya kijivu. Alinisubiri kuanzia Jumamosi ile hadi mvua.

Wateja wangu huniona msumbufu. Nawauliza tangi liko juu kiasi gani, wakinijibu nawauliza kutoka wapi, na wengine nawarudisha hadi Tandahimba wakapime tena. Baba naye huwa anawasimulia watu kwamba nilianza kupima nikiwa mtoto, na kwamba mama yake alioga maji ya moto hadi mwisho wa maisha yake kwa sababu yangu.

Kesho nakwenda Newala. Daftari bado ninalo. Nitamwonyesha Baba ule mstari mwekundu.