Filamu Isiyo na Mtafsiri

Pale Kabasa, Bunda, watu waliondoka wote kabla filamu haijafika katikati, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama mashine yangu imeharibika. Nilirudi Musoma nimevimba kwa hasira. Klabu yetu ya filamu ilikuwa na watu wanne, projekta moja, na ubishi wangu.

Tatizo lilikuwa mtafsiri. Huku kwetu, kwenye mabanda ya video, kuna mtu anakaa pembeni na maiki akieleza kila kitu kwa Kiswahili, na utani wake juu. Filamu zetu zilikuwa za kishairi: mvua, uso wa mtu, mlango, maneno hakuna. Sasa atatafsiri nini?

Mwenye banda la Nyasho, hapa hapa Musoma, alinipa Jumamosi moja, mchana.

"Mwalimu, wakikimbia kama Bunda, ndiyo basi tena. Banda hili ndiyo ugali wangu."

Banda jingine sikuwa nalo. Nyasho ikishindikana, klabu imekufa.

Nikaweka filamu ya bibi mmoja na ng'ombe wake mgonjwa. Bibi amekaa zizini, ng'ombe amelala, basi. Dakika ya kumi miluzi ikaanza, wengine wakainuka, na mwenye banda akamkonyeza mtafsiri wake. Yule bwana akashika maiki: "Bibi anasema, we ng'ombe, amka, wageni wamefika!"

Banda zima likacheka. Mimi nikapandwa na mori. Niliinuka nikachomoa waya wa maiki, mtu mzima na heshima zangu, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Liwalo na liwe.

Wengi walitoka wakinisema. Waliobaki walinyamazishwa na mama mmoja muuza dagaa.

"Tulieni bwana. Hiyo ng'ombe haiamki tena. Hamuoni masikio yake yalivyolegea?"

Kuanzia hapo walitazama masikio. Hakuna aliyepiga mluzi tena, mpaka bibi alipovua khanga yake ya juu akamfunika ng'ombe, na filamu ikaisha.

Mwenye banda aliyatazama mabenchi matupu. "Mwalimu, si unaona mwenyewe?" Nilikuwa nimeshaanza kukunja nyaya, huku nimejiandaa kubishana naye hadi jioni. Lakini alimgeukia mtafsiri. "Na wewe, ungeachiwa maiki, pale mwisho ungesemaje?"

Yule bwana wa maneno mengi aliigeuza geuza maiki mkononi.

"Mzee wangu kule Butiama alikaaga hivyo hivyo na ng'ombe yetu. Siku mbili, hali chakula. Mimi nilikuwaga namcheka." Akaiweka maiki chini ya kiti. "Jumamosi muirudie hii hii. Nitakaa kwenye benchi na watu."

Mwenye banda akaniambia nyaya nisizikunje.