Chipu ya Miguu Arobaini

Nilianza kazi katika karakana ya umeme ya kiwanda cha korosho mjini Mtwara nikiwa na cheti kipya cha ufundi na viatu vya kuazima. Karakana ilikuwa na watu wawili tu, mimi na fundi mkuu, mzee wa Kiyao kutoka upande wa Masasi, aliyejifunza umeme kwa kutengeneza redio za watu. Kiingereza alikijua cha kuombea maji. Lakini mikono yake ilijua mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.

Miaka ile ya ujamaa kiwandani tuliitana ndugu, kuanzia meneja hadi mfagizi. Yeye nilishindwa kumwita ndugu. Nilimwita mzee, naye aliniita mwanangu.

Tanuri la kukaangia korosho lilikuwa jipya, limefungwa na wageni waliokwisha rudi kwao. Joto lake liliongozwa na sakiti iliyokaa ndani ya sanduku la bati, pembeni mwa tanuri lenyewe. Katikati ya sakiti ile palikuwa na chipu moja nyeusi, urefu wa kidole changu cha mwisho, yenye miguu arobaini, ishirini kila upande. Hiyo ndiyo iliyopima joto na kuamua moto uongezwe au upunguzwe.

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi, tanuri likagoma kuwaka. Mashine nyingine zote ziliamka. Tukakagua fyuzi, nyaya na swichi, vyote vizima. Korosho isiyokaangwa haibanguliki, kwa hiyo kina mama wabanguaji, wengi wao wakija kwa miguu kutoka Mtawanya, waliambiwa wasubiri. Walisubiri siku mbili kwenye kivuli cha ghala. Siku ya tatu wakaambiwa warudi majumbani mpaka watakapoitwa.

Mimi nilisema chipu imekufa. Leo nakiri kwamba niliilaumu kwa sababu ndicho kitu pekee nisichokielewa.

"Nani kaitengeneza?" mzee akauliza.

Mgongoni ilikuwa na alama na namba. Alama ile niliwahi kuiona kwenye jarida la zamani katika maktaba ya chuo, pamoja na anwani ya kampuni huko ng'ambo.

"Basi waandikie."

"Mzee, wale ni watu wakubwa. Watatujibu sisi wa Mtwara?"

"Wewe ukiandikiwa na mtu mwenye shida, hujibu?"

Nikaandika. Meneja alikuwa ameshawaandikia waliotuuzia tanuri na hajajibiwa, kwa hiyo alitia sahihi bila maneno mengi.

Wiki nyingi zilipita ndipo nikaitwa posta. Ofisa wa forodha alikifungua kifurushi mbele yangu. Ndani mlikuwa na kitabu kinene kama tofali, na kisanduku ambamo chipu tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye sponji jeusi.

"Ndugu, hivi ni vidudu gani?"

"Ni chipu, ndugu. Za tanuri la korosho."

Alikigeuza kisanduku taratibu, asiguse kilichomo, kisha akacheka. "Haya, chukua kabla havijatembea."

Palikuwa pia na barua fupi. Mwandishi, mwanamke kwa jina lake, alisema haijui mashine yetu, lakini anatuletea kitabu cha familia zote za chipu wanazotengeneza, na anaomba kitufae. Sikuwahi kumwona, ila nimemwombea heri mara nyingi.

Nilirudi kiwandani mbiombio. Ilikuwa Ijumaa, na mzee alikuwa hajarudi kutoka msikitini. Sikumngoja. Niliing'oa chipu ya zamani, nikashindilia mpya, nikawasha. Haikupita dakika nikasikia harufu ya kuungua. Nikaigusa, ikanibabua kidole. Nilikuwa nimeichomeka mbele nyuma: kile kikovu kidogo kinachoonyesha upande wa mbele nilikuwa nimekielekeza nyuma.

Mzee alinikuta nimekaa sakafuni.

"Nimeiua, mzee."

Aliitazama, akaelewa. Nikangoja kugombezwa. Yeye alichota maji kwenye kopo, akanimwagia kidoleni, akangoja nitulie.

"Zimebaki mbili," akasema. "Hizi hazitoki kwenye sponji mpaka unisomee kitabu."

"Chote?"

"Kile tunachokihitaji. Na nitakijuaje bila kukisikia?"

Meneja alipouliza, mzee alimjibu, "Tumepoteza moja kwenye majaribio." Alisema tumepoteza. Mpaka leo sijasikia neno lililonisitiri kama lile.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Rahaleo, palepale mjini, kwa shangazi yangu. Kila jioni baada ya Alasiri nilikaa uani na kamusi, nikitafsiri kurasa za kumsomea mzee kesho yake. Shangazi alichungulia siku moja huku akikuna nazi.

"Kitabu gani hicho kimejaa picha za majongoo?"

Nikamwambia ni kitabu cha koo za mashine ndogo zinazofikiri. Akatikisa kichwa, akaendelea na nazi yake, lakini tangu siku hiyo hakunituma dukani jioni.

Asubuhi mzee alikaa kwenye kigoda, nami nikamsomea. Kampuni ile ilikuwa na koo mbili kubwa. Wa kwanza ni maikroprosesa, chipu zinazopiga hesabu na kutoa amri, lakini maagizo ya kazi huwekwa kwenye chipu nyingine jirani. Wa pili ni maikrokontrola, zilizobeba maagizo yao tumboni, kila moja ikijitosheleza kwa kazi ndogo kama kuendesha pampu au mizani. Ndani ya kila ukoo walikuwamo wakubwa na wadogo. Wadogo walikuwa wepesi zaidi, lakini lugha ya kaka zao waliielewa.

"Yetu ni ya ukoo gani?"

Nikatafuta namba. "Wa kwanza."

"Kwa hiyo maagizo ya tanuri hayamo ndani yake?"

"Hayamo. Yako kwenye ile ya jirani."

"Alhamdulillahi. Ingekuwa ya ukoo wa pili, hizi mpya zingetufikia bila akili."

Nilimtazama. Jambo lililonichukua siku nne na kamusi, yeye alilishika kwa kulisikia mara moja.

Wiki ya pili nikafika kwenye ukurasa wa mguu wa kuanzia. Kitabu kilisema kwamba umeme unapoingia, mguu huo lazima uzuiwe kitambo kidogo mpaka umeme utulie, halafu uachiwe. Usipozuiwa, chipu haijui ianzie wapi.

Mzee akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia.

"Ni nini kinachouzuia?"

Nikaufuata mstari kwenye mchoro kwa kidole. "Kapasita, mzee, kile kikopo kinachotunza umeme."

Aliinuka, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akainama kwenye sanduku la bati. Kapasita yenyewe ilikuwa imekaa upande wa tanuri kabisa, na ngozi yake ilikuwa imepasuka.

"Huyu ndiye mgonjwa," akasema. "Kakaushwa na joto."

Alichomoa nyingine ya kipimo kilekile kwenye mzoga wa redio, akayeyusha risasi ya kulehemia, akaifunga.

"Weka chipu."

"Mpya?"

"Ile ya zamani. Ina kosa gani?"

Nilikiangalia kikovu mara tatu kabla ya kuibonyeza mahali pake. Tukawasha. Taa ya kijani ikawaka, kitu kikalia ta! ndani ya sanduku, na moto wa tanuri ukanguruma. Nililia mbele yake bila aibu. Yeye alitafuta kitambaa, akafuta vumbi kwenye mlango wa sanduku, ingawa halikuwa na vumbi.

Kesho yake kina mama waliitwa kazini. Mmoja wao, mikono yake imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, alipita karakana akanishika mashavu. "Mungu akuweke, mwanangu." Meneja naye alikuja kumpongeza fundi mkuu. Mzee akaninyooshea kidole. "Aliyesoma ni huyu."

Kwa neno hilo jina langu lilipelekwa Dar es Salaam kwa masomo zaidi. Baba yangu, mkulima wa mikorosho karibu na Kilambo, alikuja mjini kuniaga. Miaka ya nyuma majirani walikuwa wamemcheka kwa kumwacha binti asome mambo ya nyaya. Siku ile alibeba sanduku langu mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Baadaye nikawa mwalimu wa ufundi. Mzee alikuwa amestaafu, amerudi kwao kulima, nilipomtembelea. Nikamwambia nimekuja kumshukuru.

"Kwa lipi?"

Nikaanza kumweleza habari ya ile Ijumaa. Akanikatiza. "Kwanza ule." Mkewe akaleta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, mzee akaanza kunihadithia mvua zilivyowachelewesha kupanda mwaka ule, na kila nilipotaka kurudi kwenye habari yangu, alinisogezea sahani. Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipokuja, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia niwasalimie wanafunzi wangu.