Nusu Dakika ya Wimbo wa Mdogo Wangu

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo Mkomaindo, hapa Masasi mjini, ukivuka tu barabara kutoka geti la hospitali. Naanza na kibanda kwa sababu bila hicho nisingeweza kufanya upuuzi nilioufanya. Mtu akileta simu ya kubadilisha kioo au tundu la chaji, ananiachia na namba ya siri ili niijaribu. Siku yoyote ile mezani kwangu kulikuwa na simu kumi na tano, ishirini, zote ziko wazi, zote ziko chini yangu.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu la Anglikana kule Kitangari, wilaya ya Newala. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na tangu utotoni tulizoea kumwona mara mzima, mara amelala anauma shuka kwa maumivu. Lakini sauti alikuwa nayo. Siku moja akaniambia ametunga wimbo wake mwenyewe, na alipomaliza kuurekodi studio moja hapa mjini, video wakaipigia kwenye mikorosho ya mama. Aliuita "Mgongoni". Wimbo wa injili, nikaelewa ni mgongo wa Bwana, basi, sikuuliza zaidi.

Ulipopandishwa mtandaoni, wiki ya kwanza watu waliouangalia hawakufika mia mbili. Niliumia, nasema kweli. Kulikuwa na kijana mmoja wa mjini anayeimba vitu vya kukata viuno, na ule ukurasa wa mtandaoni unaotangaza nyimbo kumi bora za Kusini kila Ijumaa mchana ulikuwa umemweka namba mbili. Mashabiki wake walikuja kutucheka hadi kwenye video yetu. Mmoja akaandika kwamba wimbo wa mdogo wangu umeangaliwa na ukoo tu. Hasira zikanipanda, nikaweka bisibisi chini.

Nikafungua grupu. Nikaingiza wanakwaya, nikaingiza watu wa Mkunya na Newala mjini, wateja wangu, majirani, yeyote mwenye simu kubwa. Mimi ndiye nilikuwa admini, na sheria niliziandika mwenyewe. Zima sauti, usijimalizie chaji bure. Cheza nusu dakika, maana tuliamini nusu dakika ikitimia umeshahesabiwa. Toka, ingia tena. Na ya mwisho niliiandika kwa herufi kubwa: MSIKAE MPAKA MWISHO, MNATUPOTEZEA MUDA.

Mwalimu wa kwaya, mzee mpole anayetoka Mkunya, aliandika kwa adabu zake: "Fundi, mbona ubeti wa tatu ndio wenye wimbo?" Nikamjibu kwamba shikamoo mwalimu, lakini hapa tuko vitani, utamu tutaula tukishashinda. Watu wakacheka. Yeye hakuandika tena.

Kibandani kwangu sasa ndiyo usiseme. Nilinunua bando la kwangu, nikaziunganisha simu zote za wateja, nikazipanga mezani safu tatu, na zote zikawa zinacheza mdogo wangu. Sura yake mara kumi na nane, amevaa kitenge cha njano, anafungua mdomo bila sauti. Mimi napita na kidole, nazirudisha mwanzo moja baada ya nyingine, nikimaliza safu ya tatu, ya kwanza imeshatimiza nusu dakika. Wateja walikuwa wanasubiri vioo vyao siku nne, tano. Niliona fahari. Nilijiona kaka wa kupigiwa mfano, na hilo ndilo linanitia aibu kuliko yote.

Msimu wa korosho ulipoanza akazidiwa. Mama akamleta hospitali, akalazwa pale ng'ambo ya barabara. Nilikuwa naenda kumwona kila siku saa za kuona wagonjwa, sitaki mtu aseme sikwenda. Nilikwenda, na simu mkononi.

"Angalia," namwambia, "jana elfu tatu na ushee, leo elfu nne."

Mwanzoni alifurahi sana. Alikuwa anaishika simu kwa mikono miwili. "Watu wote hawa wananisikiliza mimi?" Nikamwambia ndiyo, wewe. Halafu akashuka chini kwenye maoni, akayakuta matano, matatu yalikuwa ya kwangu, na mawili ya wale waliokuja kutucheka. "Mbona hawasemi kitu?" Nikamwambia watu wa kwetu ni wavivu wa kuandika. Akanitazama, akaona ayaache.

Siku nyingine, alipokuwa ameweza kukaa kitandani, aliniuliza bila kuniangalia, "Kaka, ubeti wa tatu umeuonaje?"

"Mkali," nikasema. "Mkali sana huo."

"Na Kimakonde changu? Sikukosea?"

Jamani. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nahesabu nafasi yetu na ya yule kijana. Nikacheka, nikamwambia, "Kimakonde gani tena wewe, acha utani wako." Akasema, "Basi, kaka." Akavuta shuka, akageukia ukutani, na mimi nikadhani maumivu yamemrudia, nikaenda kumwita nesi.

Ijumaa moja ukurasa ule ukatangaza. Namba tisa. Tulikuwa tumeingia kumi bora! Niliacha kibanda wazi, simu za watu mezani, nikavuka barabara nikikimbia. Nilimkuta amewekewa oksijeni, mama amekaa pembeni anamkanda miguu. Nikamwekea kioo cha simu usoni, nikamwonyesha jina lake na ile tisa. Aliangalia kioo muda mfupi tu, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, kana kwamba anasubiri niseme neno. Nikasema, "Wiki ijayo tano bora." Jumapili alifariki.

Tulimzika Kitangari. Kwaya yetu ina desturi yake: mwanakwaya akifa anasindikizwa kwa wimbo alioupenda, na ubeti wa mwisho huanzishwa na ndugu wa damu, kaka au dada, akiwa amesimama kichwani mwa kaburi. Wengine ndipo wanapokea. Hata ndugu asiyejua kuimba anaanzisha, akikosea hakuna anayejali, muhimu marehemu asikie sauti ya kwao. Wakaimba "Mgongoni". Ubeti wa kwanza, wa pili. Na mimi, ndiyo kwanza siku ile, nikawa nausikia unavyoendelea baada ya pale nilipozoea kuukata.

Mwalimu wa kwaya akainua mkono, wote wakanyamaza. Akasema kwa upole wake uleule, "Sasa kaka yake, aliyeupeleka wimbo huu kwa watu wote hawa, atuanzishie wa tatu."

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeucheza wimbo ule mara nyingi kuliko binadamu yeyote, na sikuwa na neno hata moja la ubeti wa tatu. Watu walidhani ni kilio kimenikaba. Shangazi mmoja akasema mwacheni, mwacheni. Ningependa kusema kilikuwa kilio. Ilikuwa ni kwamba sijui.

Mama yangu ndiye aliyeanzisha. Mama hana simu kubwa, ana kitochi chake cha kupokea na kupiga. Lakini aliusikia mwanawe akiutunga jikoni wakimenya mihogo, akaushika wote. Alianza kwa Kimakonde, sauti inatetemeka, na kwaya ikapokea, na watu wote pale makaburini waliujua isipokuwa mimi.

Ubeti wa tatu hauna Bwana ndani yake. Unamhusu mtoto mgonjwa na kaka yake. Wameteremka bondeni kuchota maji, mtoto miguu imekataa, kaka ana ndoo kichwani na mdogo wake mgongoni, anapanda mlima akimwimbia ili asilale. Maji yanamwagika shingoni mwa kaka, na mtoto anayafuta kwa mkono. Halafu anasema, na hapa nafasiri tu, Kimakonde chake ni kizuri kuliko hiki: kabla sijajua jina la Mungu nilijua mgongo wa kaka yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye alikuwa na mitano, na alikumbuka mpaka maji ya shingoni.

Baada ya siku arobaini nilikwenda Kitangari kumsaidia mama kuokota korosho. Tulikuwa tumeinama kila mtu na mkorosho wake, nikamwambia ukweli. Nikamwambia, mama, sikuwahi kuusikiliza. Nilikuwa nauzima. Nilidhani atanifokea, na nilitamani anifokee.

Aliendelea kuokota. Akasema, "Alijua, mwanangu. Kila siku ukishatoka wodini alikuwa ananiuliza, mama, kaka hajasema kitu? Mimi nikawa namwambia, kaka yako ana kazi nyingi, akipumzika atasema."

Nilikuwa na kazi nyingi kweli. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nampitishia kidole usoni, simu baada ya simu, namrudisha mwanzo.