Chupa ya Mwisho Ilifunguliwa kwa Wageni

Kila mfadhili anayepita Bukavu anapenda malaria. Ukimwambia unatafuta kujua ni nini kinachoiamuru damu igande na ni nini kinachoiamuru iache, anaitikia kwa adabu, kisha anauliza kama ndani ya utafiti huo kuna malaria. Miaka yote niliyofanya kazi katika maabara yetu nimelijibu swali hilo, na bado linanichoma.

Mwaka huu tulibakiwa na chupa moja ya dawa ya kupimia damu. Ni unga kidogo tu. Ukishauchanganya na maji, lazima uutumie siku ileile. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya maman mmoja wa kule kijijini Mudaka, mkulima, mwenye mimba kubwa. Dada yake alijifungua, akatokwa damu mpaka akafa. Vipimo vya kwanza vilionyesha kwamba damu ya huyu naye inachelewa kuganda. Chupa ile ingetuambia ni protini gani inayompungukia, ili wauguzi wa uzazi wajue wamwandalie nini. Nikamwita aje Alhamisi.

Tukatangaziwa kwamba Alhamisi hiyohiyo watakuja wageni wa mfuko mmoja wa ufadhili wa ng'ambo. Kwetu mgeni akija, zile sahani ambazo watoto hawaruhusiwi kuzigusa hutoka kabatini. Mkuu wetu wa maabara alifanya hivyohivyo. Kuta zikapakwa rangi, mafuta ya jenereta yakaazimwa parokiani, makoti meupe yakapigwa pasi. Halafu akaniambia niifungue chupa ili mashine yetu ya kupimia damu ionekane ikifanya kazi. Nilimkumbusha yule maman. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Mugeni hawezi kukuta mashine inalala. Franga yao ikitoka, utapata machupa mpaka utachoka."

Nikaifungua huku nimenuna. Nilijipa moyo kwamba ya kumpimia maman itabaki. Kiongozi wa wageni akakunja mkono wa shati, akatoa damu yake ipimwe. Majibu yakatoka safi, watu wakapiga makofi. Basi mwenzake naye akataka, na wa tatu, na hata dereva wao. Mkuu wetu hakumkatalia mtu. Mgeni haambiwi kitu kimekwisha. Nilikuwa naiona dawa inavyoshuka, nikamkonyeza, akageuza uso. Hasira ilinipanda, nikaendelea kupima.

Tuliwakaribisha mezani kwa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na ugali. Mgeni akasimama, akasema ameguswa sana. Hakutarajia kukuta maabara iliyokamilika hivi: rangi mpya, umeme, mashine inayofanya kazi, dawa ya kutosha kumpima hata dereva. Kwa bahati mbaya, mfuko wao husaidia wasio na kitu, na sisi, kwa furaha yake, hatumo tena miongoni mwao. Nikafungua mdomo niseme. Mkuu wetu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kusema kwamba rangi ni ya jana na mafuta ni ya kuazima, mbele ya mgeni anayekula chakula chetu, kwake ilikuwa sawa na kuvua nguo. Akashukuru kwa Kifaransa kirefu, kizuri sana.

Gari lao lilipoondoka nilikwenda kwenye koridori. Maman wa Mudaka alikuwa bado amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mikono juu ya tumbo. Nilimweleza kwamba dawa imekwisha, kwamba tumewapimia wageni. Nilitaka anitukane, ningepumua kidogo. Hakunitukana.

"Na damu yao," akauliza, "iko muzuri?"

Nikamwambia ndiyo, ya wote.

Akainuka polepole, akakaza kitenge chake.

"Basi ya kwangu, docteur, tutaiona siku ya kuzala."