Vijiti Kumi na Moja Kwenye Gugumaji

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikasukuma mkokoteni Kawangware mpaka mabega yakawa kama ya ng'ombe, na leo nina vyumba kumi na viwili vya kupangisha pale mtaa wa Kongo, Kibera, na karakana ya kuchomelea vyuma Laini Saba. Hakuna aliyenishika mkono. Hata mashua nilijiundia mwenyewe, kwa mabati na mapipa mawili, watu wakinicheka. Ilipoelea walinyamaza.

Naiendesha kwenye bwawa lililo chini ya Kibera. Zamani wenye pesa walikuwa na kilabu cha mashua pale. Siku hizi imebaki jeti, gati la saruji la kufungia mashua, ng'ambo, na kabla ya kuifikia kuna gugumaji, matope, na vijia vya maji vyembamba kama vichochoro vya ploti. Jumapili baada ya kanisa navusha watu wakapige picha kwenye jeti. Shida ni kwamba vijia havikai mahali pamoja. Mvua ikinyesha, mto unashusha matope na takataka, na palipokuwa na kina wiki jana leo kuku anatembea.

Kwa hiyo kazi hii ni ya watu wawili. Mimi nakaa nyuma na kasia. Mbele alikuwa anasimama rafiki yangu, mtu wa ziwani, mpangaji mtaa wa Kianda, na mti mrefu mkononi. Alichoma maji na kuniitia kina kwa kulinganisha mti na mwili wake: "Kifua! Kiuno! Kiuno! Goti, bosi, goti! Kata kushoto!" Miaka minne hivyo. Tukimaliza tunakula samaki ukingoni, ananicheka kwa vile naogopa kula kichwa.

Jumapili moja akina mama wa kwaya walimsifu, eti ana macho ya ndege. Mashua ni yangu, na sifa zinaenda mbele! Nikasema kwa sauti, "Huyu namlipa kupiga kelele tu. Hata nikimwacha nyumbani, tutafika."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alituongoza mpaka tukarudi salama, akalaza mti polepole, akavaa koti. Wiki hiyo akarudi kwao.

Nikasema, sawa tu. Nikakata vijiti kumi na moja, nikavifunga vitambaa vyekundu, nikavipanda kando ya kijia kwenye gugumaji zito, lile hata mbuzi anaweza kusimama juu yake. Jumamosi iliyofuata, mchana, nikaenda peke yangu kujaribu. Vijiti vilikuwa mstari mmoja, kama askari. Nilivifuata nikiimba. Kufika cha saba, mashua ikapanda matope, ikakaa.

Kushuka huwezi. Matope yale yanakumeza mpaka nyonga. Mama anayekaanga samaki ukingoni akaniona.

"Mzee wa mashua, umeegesha?"

"Napumzika!"

"Pumzika, baba. Hapo hakuna kanjo wa kukudai ada ya maegesho!"

Alipogeukia wateja wake, nikachukua ule mti wa kupimia. Nikachoma maji. "Goti," nikasema. Nikachoma upande wa pili. "Goti." Sijui nilikuwa namwambia nani. Ni kama nyumbani kwangu: vyumba vyote kumi na viwili vya wapangaji vina kelele, changu tu ndimo inamosikika saa ya ukutani.

Nikampigia rafiki yangu simu.

"Niaje, bosi."

"Nimekwama. Na vijiti vyangu vyote viko sawa."

"Ulivipanda wapi?"

"Kwa gugumaji."

Hakucheka; heri angecheka.

"Omera, ndugu yangu, gugumaji linaelea. Upepo umelisukuma na vijiti vyako juu. Kijia kimebaki nyuma yako. Usishuke. Jioni upepo utageuka, likikuachia nafasi usukume kinyumenyume."

"Rudi," nikamwambia.

"Kufanya nini? Kupiga kelele?"

Nilikaa pale masaa matatu na hilo swali. Upepo ulipogeuka, gugumaji likajitenga kidogo, nikasukuma kinyumenyume kama alivyosema.

Kesho yake niliwasimamisha wale akina mama nje ya kanisa. Nikawaambia, "Bila yule wa mbele, mashua yangu ni sufuria." Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Mmoja alimpigia simu hapo hapo, akamwambia yote, akanipa nisikie.

"Amesema sufuria?" rafiki yangu akauliza.

"Amesema."

"Mwambie atume nauli."

Mimi, mtu ambaye sijawahi kuomba msamaha, nilituma siku hiyo hiyo, nauli ya basi pamoja na ada ya kutoa pesa kwenye simu: shilingi elfu moja mia nne ishirini na tisa.