Dorla Hakucheka

Dorla Hutchens aliendesha basi la shule hapa Pruett miaka ishirini na miwili, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa basi hilo, kwa hiyo sisimulii habari zake kwa kusikia tu. Daraja letu la mtoni lilipofungwa kwa sababu ya kutu, ikabidi azunguke maili thelathini kuwafikisha watoto darasani. Kaka yake Lyman alifia ndani ya gari la wagonjwa, likizunguka njia hiyohiyo.

Ndipo akagombea udiwani.

"Bibi wa basi anataka kutuendesha na sisi!" walimtania mgahawani.

"Nyie fungeni mikanda tu," akawajibu.

Akashinda. Miaka minane aliwapigia kelele madiwani wenzake, na jibu likawa lilelile: daraja ni la jimbo, si letu. Haya, akasema, basi nitaenda hukohuko jimboni. Akagonga milango ya wilaya nzima hadi soli ya kiatu ikabanduka, akaingia bunge la jimbo kwa tofauti ya kura sitini na moja.

Siku ya muswada wake wa kwanza, wa kulijenga upya daraja la Pruett, nilikaa juu kwenye viti vya wageni. Alijieleza dakika mbili, wakapiga kura. Ubao wote wa kura ukawaka taa nyekundu za kukataa, isipokuwa moja ya kijani, yake. Mara nikasikia vicheko. Kumbe ndivyo wanavyomkaribisha mbunge mpya: wote wanamkatalia, anababaika, anabembeleza, halafu wanabadilisha kura. Niliwachukia, nasema wazi.

Dorla hakucheka. Akasogeza kipaza sauti.

"Mheshimiwa Spika, naomba ufunge kura."

"Mama, ni utani tu," Spika akasema. "Nikifunga sasa, muswada umekufa."

"Najua. Na majina yao yatabaki hapo juu. Wakawaeleze wapiga kura wao kwamba daraja lililomuua kaka yangu ni la kuchekea. Funga."

Ungewaona wale wazee wa suti wanavyokimbilia vitufe! Mmoja alikuwa ameshafuata kahawa, akarudi mbio huku anajimwagia. Taa zikageuka mojamoja, mpaka ubao mzima ukawa kijani.

"Nifunge, Mheshimiwa?" Spika akauliza, safari hii kwa adabu.

"Sasa funga," Dorla akasema. "Nina watu wa kuvusha."